Magego Yaliyobaki Pichani

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, fundi wa kompyuta alichomeka waya wa mwisho, akafuta alama za vidole kwenye skrini kwa pindo la blauzi yake, akasema kazi imekwisha. Mashine ilikaa juu ya meza ya chumba cha picha: skrini pana, sanduku jeusi lenye feni inayonung'unika, na kibati cha plastiki kisichozidi ukucha wa dole gumba, kilichofungwa kwenye waya. Hicho ndicho kingeingia vinywani mwa wagonjwa badala ya filamu. Bi Picha alikigeuza mbele na nyuma, akakipapasa pembe zote nne.

"Hakina kipele," alisema.

"Kipele gani tena, dada?"

"Filamu ina kipele pembeni. Ukikipapasa unajua uso wake ni upi na mgongo wake ni upi."

"Hiki kinajijua chenyewe," fundi alisema, akamwandikia namba yake ya simu kwenye karatasi, akashuka ngazi.

Bi Picha alikuwa amepiga picha za meno katika kliniki ile kwa miaka kumi na tisa. Jina alilopewa siku ya kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Kwingine kote alikuwa Bi Picha, hata kwa muuza mboga. Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la rangi za nyumba, na ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: kila mlango na mwenyewe. Mapokezi palikuwa pa mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye watu walimwita Kengele. Chumba cha kung'olea kilikuwa cha Daktari. Chumba cha picha kilikuwa cha Bi Picha. Kati ya viwili hivi kulikuwa na kidirisha ukutani, na kwa miaka yote hiyo bahasha za picha zilipita hapo kwenda upande wa pili bila neno, kama sahani zinavyotoka jikoni.

Kabla mashine haijaanza kazi ilibidi ifundishwe. Miezi miwili Bi Picha aliingiza ndani yake picha zote za kabatini, bahasha elfu nne na ushei, moja baada ya nyingine. Kila bahasha ilikuwa na jina la mgonjwa na tarehe, basi. Upande wa taya haukuandikwa hata kwenye moja, kwa kuwa aliyepapasa kipele aliujua. Mashine ikajifunza kama mtoto ajifunzavyo kusema: yaliyotamkwa iliyashika, na yaliyonyamaziwa nayo iliyanyamazia. Mwishowe iliweza kuandika maneno mawili pembeni mwa jino, *zima* au *bovu*, na haikukosea.

"Meno bandia tunayo," Daktari alisema siku ya kuizindua, akiwa amejiegemeza mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Macho bandia yapo. Sasa imeletwa akili bandia. Siku ikiletwa roho bandia, mnistaafishe."

Kengele alicheka mpaka wagonjwa wakadhani wameitwa.

Wa kwanza kupigwa picha mpya alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mrefu aliyeingia kila mahali kama anayeingia darasani. Alitaka kujua kwa nini shavu lake linawasha. Bi Picha alimvika aproni nzito ya risasi ya kukinga mionzi, akamwekea kibati mdomoni, akatoka, akabonyeza, akarudi. Kwenye skrini yalikuwapo meno ya Mwalimu, na kati yake gego la chini, pana, lenye mizizi miwili iliyoshika mfupa barabara. Pembeni mashine ilikuwa imeandika: *zima*.

"Mwalimu, hili gego hukuling'oa?"

"Miaka kumi na moja sasa."

"Lipo."

"Lipo wapi?"

Bi Picha alivaa glovu akatia kidole. Mahali pa gego palikuwa na ufizi mtupu, mgumu kidogo, kama kisigino cha mtoto. Hapakuwa na kitu. Akarudi kwenye skrini, gego lilikuwapo. Tena lilikuwa limesagika juu, kama jino lililofanya kazi miaka yote hiyo, na kati yake na jirani yake kulikuwa na kivuli chembamba.

"Jana ulikula nyama?"

"Nilikula."

"Imekwama hapo."

Akampa uzi wa meno. Mwalimu aliupitisha pale penye pengo, mbele na nyuma, kwa utulivu wa mtu anayefuta ubao. Uzi ulitoka na unyuzi wa nyama. Mwalimu aliutazama, akauweka kwenye karatasi, akasuuza mdomo.

"Kuwasha kumekwisha," alisema. "Asante. Nilikuwa najing'ata ulimi upande huo, nikawa najiuliza nang'atwa na nani."

Akaenda zake.

Mwezi haukuisha kabla magego ya namna hiyo hayajafika arobaini na moja. Mwanamke mmoja fundi cherehani aliomba lake lichapishwe akamwonyeshe mumewe, aliyezoea kumwita kibogoyo. Muuza nyama alitaka barua yenye mhuri kuthibitisha kwamba ana meno thelathini na mawili. Wengine walikuja kulitazama tu, wakakaa dakika mbili tatu mbele ya skrini, mikono magotini, kama wanaomwona jamaa aliyelazwa hospitali. Kengele aliona wanaziba foleni, akawatengea Ijumaa baada ya saa saba.

Bi Picha alimpigia simu fundi.

"Inaonyesha meno yaliyokwisha kung'olewa," alisema.

"Inaonyesha ilichofundishwa," fundi alijibu. Nyuma yake zilisikika honi za magari. "Nyinyi mliifundisha nini?"

Swali hilo lilimkaa kichwani. Bi Picha alikuwa mtu wa kuchunguza. Akiona mlolongo wa siafu huufuata mpaka ajue wanakokwenda. Alinunua daftari. Jambo la kwanza aliloandika lilimhusu Mwalimu: alikosa meno sita mdomoni, lakini pichani lilirudi moja tu. Kwa nini hilo, na yale matano yana kosa gani? Fundi cherehani alikosa manne, likarudi moja. Muuza nyama alikosa mawili, likarudi moja. Hiyo barua yake, kwa hiyo, ingekuwa ya uongo kwa jino moja.

Hapa ni lazima ijulikane habari ya pacha.

Katika mji ule kila mtu alijua kuwa jino bovu lina pacha wake. Hasa lile linalooza kwa chini, lisiloonyesha tundu, ambalo maumivu yake hayana anwani: mara sikioni, mara kidevuni, mara upande huu, mara ule. Mwenye maumivu hayo alikwenda kwa Daktari, akapigwa picha taya zote mbili, Daktari akazitazama, akang'oa gego moja. Maumivu yalibaki palepale. Wiki iliyofuata mgonjwa alirudi, Daktari akang'oa gego la upande wa pili, na maumivu yakaisha siku hiyohiyo. "Ugonjwa umehama," Daktari alieleza tangu mwanzo, "umemfuata pacha." Na kweli gego la pili lilikuwa limeoza vibaya, kila mtu aliliona kwenye bakuli. Kengele akazoea kuandika siku mbili kwa pamoja ili kumwondolea mgonjwa usumbufu. Mjini mtu akipatwa na balaa mbili mfululizo, akafiwa na ng'ombe na paa likavuja, majirani walimpa pole wakasema, huyo kang'oa na pacha.

Bi Picha naye aliamini hivyo. Lakini sasa alikuwa na daftari.

Alitoa kabatini bahasha za wote arobaini na mmoja, akaziweka kwenye kisanduku cha taa. Kwa maumivu yasiyo na anwani alikuwa akipiga filamu mbili, taya la kushoto na la kulia, akazipachika ndani ya fremu moja yenye madirisha mawili, kipele kikimtazama msomaji, kama alivyofundishwa chuoni. Kisha alichukua kadi za Daktari, ambazo zilikuwa na tarehe na upande wa jino lililong'olewa, akazilinganisha. Alifanya hivyo siku nne, wakati wa mapumziko ya mchana, akila mkate kwa mkono mmoja.

Gego lililorudi pichani kila mara lilikuwa lile la kwanza kung'olewa. Pacha hakurudi hata mara moja. Na gego la kwanza, kwenye filamu ya zamani, tangu siku ile ya kwanza, lilikuwa halina doa. Bovu lilikuwa ni la upande wa pili, limekaa pale pale tangu mwanzo, halijahama kutoka popote.

Bi Picha alifunga daftari. Kilichobaki kuulizwa kilikuwa kimoja.

Saa nne walikunywa chai kwenye ujia, karibu na dirisha linaloangalia makopo ya rangi ya duka la chini. Ndipo mahali pekee ambapo hapakuwa na mlango wa mtu.

"Daktari," alisema, "ukiishika picha mkononi, mgonjwa unamwona yuko wapi?"

"Swali gani hilo? Yuko kwenye kiti."

"Kwenye picha. Wewe umekaa wapi?"

Daktari alifikiri. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono midogo, aliyewaombea radhi wagonjwa kabla hajawadunga sindano ya ganzi. "Mimi nimekaa juu ya ulimi wake," alisema. "Natazama nje. Kushoto kwake ni kushoto kwangu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mimi nimemkabili," Bi Picha alisema. "Tumetazamana uso kwa uso. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi."

Daktari aliendelea kukoroga chai, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Na hukuniuliza."

Chini, mtu alikuwa akifungua kopo la rangi kwa bisibisi. Walimsikiliza mpaka kifuniko kikaachia.

"Hapana," Daktari alisema mwishowe. "Ugonjwa unahama, Bi Picha. Nimeuona kwa macho yangu mara mia mbili. Nang'oa huku, wiki ijayo upo kule."

"Ulikuwa kule tangu wiki iliyopita."

"Mara mia mbili," Daktari alirudia, taratibu, na safari hii idadi hiyo ilimtoka mdomoni kwa tabu. Akaweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha. "Chai imepoa," alisema, akarudi chumbani kwake.

Kesho yake walisalimiana kama kawaida, na keshokutwa pia. Wala hawakuligusa tena jambo hilo.

Jumapili iliyofuata mama yake Bi Picha aliamka ameshika shavu. Waliishi pamoja, wawili tu. Mama alikuwa na meno machache, lakini aliyatumia kwa akili: alibakiwa na magego mawili ya chini yenye wenzao wa juu, moja kushoto na moja kulia, na kwa hayo aliweza kutafuna chochote, hata mifupa laini, na alikuwa akijisifu kwa wageni.

"Ni upande gani, Mama?"

"Ningejua ningekwambia? Kichwa chote kinaniita."

"Twende ile kliniki ng'ambo ya daraja. Kuna daktari mpya, wanamsifu."

Mama aliondoa mkono shavuni ili apate kumtazama vizuri. "Mwanangu unafanya kazi kwa Daktari miaka kumi na tisa, halafu mimi nikatibiwe kwa watu? Wataniuliza, kwani kwa mwanao kuna nini? Nitasema nini?"

"Utasema nimependa tu."

"Sijapenda. Daktari wangu ni yule yule. Ndiye aliyening'oa la mwaka ule, akaning'oa na pacha. Mkono wake mwepesi kama wa mwizi." Akamkazia macho. "Au kuna nini? Niambie, mimi ni mama yako."

Bi Picha aliangalia sinia la chai lililokuwa kati yao. La mwaka ule alilijua. Picha yake aliipiga mwenyewe, akaipachika mwenyewe kwenye fremu, kipele juu.

"Hakuna kitu, Mama."

"Haya basi. Kesho unichukulie namba kwa yule Kengele wenu, na umwambie asinipigie kelele, nina kichwa."

Akiwa njiani asubuhi, Mama akimtangulia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua chake, Bi Picha alifikiria la kufanya. Kumwambia Daktari tena, mbele ya mgonjwa, tena mgonjwa mwenyewe mama mzazi, ilikuwa kumvua nguo sokoni. Kumwambia Mama ilikuwa kuanza na la mwaka ule. Na kwa nini kuwavunjia watu heshima, wakati kazi yote ingeweza kumalizwa kwa kidole kimoja? Mashine ilikuwa na kitufe cha kugeuza. Ukikibonyeza, kilichokuwa kushoto kinakwenda kulia. Daktari angeketi juu ya ulimi wake kama kawaida, atazame nje, na kwa mara ya kwanza aone taya lililo kweli mahali pake.

Alimvika Mama aproni ya risasi.

"Nzito," Mama alisema. "Mnazika watu humu?"

"Ng'ata taratibu. Usitikisike."

Picha ilitoka safi, taya la kushoto na la kulia kando kwa kando. Gego la kushoto lilikuwa limeoza kwa chini, mzizi mmoja umeliwa nusu. Mashine iliandika *bovu*. Gego la kulia lilikuwa *zima*. Nyuma ya hilo lilisimama la mwaka ule, nalo *zima*, likiwa na ule msagiko wa juu wa meno yanayotumika. Mama alivaa miwani akayatazama yote.

"Kumbe lile bado lipo," alisema. "Ndiyo maana." Hakusema ndiyo maana ya nini.

Bi Picha alisubiri mpaka Mama avuke mlango kwenda kwa Daktari. Kisha akabonyeza kitufe cha kugeuza, akaituma picha. Siku hizi picha zilipita kwenye waya. Kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa kabati la dawa, hivyo hakuweza kuona upande wa pili. Alisikia kiti kikiinuliwa. Alisikia Daktari akiomba radhi kwa ajili ya sindano, na Mama akimwambia aache maneno adunge. Kisha kimya cha kusubiri ganzi ishike. Kisha kile kishindo kidogo cha jino linaloangukia bakuli la chuma, ambacho Bi Picha alikisikia mara nyingi mno maishani, na leo kwa mara ya kwanza kilimfurahisha.

Mlango wake ulifunguliwa. Daktari aliingia. Hakuwahi kuingia chumba kile; alisimama katikati akitafuta mahali pa kuweka miguu. Mkononi alikuwa na bakuli.

"Wiki nzima sikulala vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Uliyoniambia yalinisumbua. Nikasema, kwa mama yake, nisome kama anavyosoma yeye. Leo nimeshuka kwenye ulimi, Bi Picha. Nimemkabili mgonjwa, uso kwa uso, kama wewe."

Akalisogeza bakuli. Ndani lilikuwamo gego jeupe, mizizi yake miwili imenyooka, haina doa hata la kutafuta kwa sindano.

"Hebu tazama mwenyewe."

Bi Picha alitazama.

"Zima," alisema.

"Zima kabisa. Basi njia yako ndiyo inayong'oa mazima. Yangu haina neno." Mabega yake yalikuwa yameshuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na mahakama akakuta jina si lake. "Nilikuwa karibu kujihukumu bure. Bahati mbaya imempata mama yako, unisamehe. Lakini sasa tumejua."

Bi Picha alikuwa na maneno mawili: *Nimeigeuza picha*. Yangetosha. Yangemrudisha Daktari alipokuwa wiki nzima, yangewafanya wote wawili wakae chini na kadi mia mbili. Yalipanda mpaka nyuma ya meno yake, yakasimama. Kwa mlango uliobaki wazi alimwona Mama kwenye kiti, pamba mdomoni, nusu ya uso imelala, akimwinulia kidole gumba ili mwanawe asiwe na wasiwasi. Kuyasema maneno yale kulikuwa kumwambia Mama pia, kwamba jino lake la kulia limetolewa na werevu wa watu wawili, kila mmoja kwa siri yake, na mmoja wao ni wa tumbo lake.

"Basi tumejua," Bi Picha alisema.

Daktari aliitikia kwa kichwa, akachukua bakuli lake, akarudi chumbani kwake, akarudi na juu ya ulimi wa wagonjwa, kama alivyozoea kusoma.

Wiki iliyofuata alimng'oa Mama la kushoto. Bi Picha hakugusa kitufe chochote, wala hakukuwa na haja. La kuchagua halikuwapo tena. Jino lilitoka limeoza, kama ilivyotarajiwa, na maumivu yakaisha kabla Mama hajafika mapokezi. Hapo alimshukuru Daktari kwa sauti, na Kengele akamshukuru Mama kwa sauti zaidi, mpaka watu wa duka la rangi wakatoka nje kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo Mama alikula vya kupondwa. Hakulalamika. Mifupa aliendelea kuiomba, akaiweka pembeni mwa sahani, akaitazama akila.

Magego yaliendelea kurudi. Hayakuwashangaza tena hata wale wasiopenda vitu vipya. Ijumaa foleni ilifika kwenye ngazi. Waliolipata lao liko vizuri waliondoka wametulia, na mwenye lililopasuka aliambiwa asitafunie upande huo. Mwalimu alileta uzi wake mwenyewe wa meno. Daftari la Bi Picha lilijaa, akanunua la pili. Aliandika tarehe, jina, na safari hii upande. Hakuna aliyemwomba alisome.

Mama naye alikuja Ijumaa moja, baada ya saa saba, akajivika aproni mwenyewe. Skrini ilionyesha magego mawili upande wa kulia, la mwaka ule na la juzi, yamesimama bega kwa bega. Upande wa kushoto palikuwa patupu.

"Limekaa vizuri," Mama alisema.

"Limekaa, Mama."

"Wewe ulikuwa unalijua kuwa ni zima? Kabla?"

Feni ya sanduku jeusi ilinung'unika kidogo, ikanyamaza.

"Nilikuwa nalijua."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Na Daktari?"

"Daktari alikuwa hajui."

"Sikuulizi kwa ubaya," Mama alisema. "Nauliza tu nijue nimshukuru nani." Akateremka kitini, akavua aproni, akaitundika kwenye ndoano yake kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito, akatoka bila kusubiri ajibiwe. Bi Picha alimsikia akishuka ngazi, akipumzika kwenye kila ya tatu.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliyefuata hakuja kutazama. Kengele alimpitisha mbele kwa kuwa alikuwa na maumivu. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sare ya udereva, mkono shavuni, macho mekundu kwa kutolala.

"Hata sijui ni lipi," alisema. "Lanivuta huku, mara kule. Daktari atajua ni lipi?"

Bi Picha alimfunga aproni ya risasi mabegani, akamwekea kibati mdomoni, akamwambia ang'ate taratibu na asitikisike. Kisha akatoka nje ya mlango, akabonyeza.